Gemu za Kijapani, gemu za Kimagharibi na kahawa changa ya baba

Vijana wa kidato cha tatu katika shule ninayofundisha hapa Karagwe walikuwa na ubishi uliodumu karibu muhula mzima. Haukuwa wa Simba na Yanga. Ulikuwa wa gemu. Simu haziruhusiwi bwenini, lakini likizo ikifika wanacheza, na wakirudi wanabishana.

Wapo waliosema gemu za Kijapani ndizo bora, na wapo waliozitetea za Kimagharibi, yaani za Marekani, Kanada na Ulaya. Wote walizungumzia aina moja: michezo ambayo mchezaji anavaa nafsi ya mhusika na kuishi kisa chake kwa saa nyingi. Hukumu ya michezo hiyo, muziki wake, na sala zinazompita kijana akiwa ameinamia simu, ni mada ya siku nyingine, na masheikh wameizungumza. Mimi kilichonivuta ni hoja zao.

Wa upande wa Magharibi walitoa mfano wa Star Wars: Knights of the Old Republic, gemu ya kampuni ya BioWare ya Kanada, iliyotoka mwaka 2003 na kuingia kwenye simu za Android mwaka 2014. Humo mchezaji anaunda mtu wake mwenyewe. Akikutana na mnyonge anachagua: amsaidie, ampite, au amnyang'anye. Matendo yake yanamsogeza upande wa nuru au wa giza, na kisa kina mwisho wa kheri na mwisho wa shari. Wakasema, huku ndiko kucheza, unakuwa wewe mwenyewe.

Wa upande wa Japani wakaja na Crisis Core ya mwaka 2007, ambayo huchezwa simuni kwa programu inayoigiza mashine ya PSP. Mhusika ni askari kijana aitwaye Zack. Aliyecheza Final Fantasy VII ya mwaka 1997 anajua tangu mwanzo kwamba Zack atakufa, kwa sababu gemu hii inasimulia yaliyoitangulia ile. Mwishoni jeshi linamzunguka. Mchezaji ana vitufe, anapigana, lakini hakuna ufundi utakaomwokoa. Kijana mmoja alikiri kwamba alipigana mpaka kidole kikamuuma, huku akijua fika. Wenzake wakamcheka: sasa ulikuwa unacheza nini?

Wengine hulieleza jambo hili kwa tabia za mataifa, eti Mjapani anapenda kuongozwa na Mmarekani anapenda uhuru. Sidhani. Yuji Horii, aliyetunga Dragon Quest huko Japani mwaka 1986, aliyapata mengi kutoka Wizardry na Ultima, gemu za Kimarekani zilizotoka mwaka 1981. Mzizi ni mmoja. Kinachotofautiana ni swali ambalo kila gemu inamuuliza mchezaji: hii inauliza utafanya nini, ile inauliza utalibebaje lililokufika.

Basi siku moja, katika kipindi cha tauhidi, tulifika mlango wa kadari. Nilikuwa naeleza jinsi Jabriyya walivyomfanya mwanadamu kama unyoya hewani, na jinsi wenzao walivyodai kwamba anayaumba matendo yake mwenyewe, ndipo kijana anayetoka Kyerwa akanyoosha mkono. "Ustadhi," akasema, "baba yangu anacheza gemu ya Kijapani."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba kila Januari shule zikifunguliwa, kahawa yao inakuwa bado changa mtini. Ada inatakiwa. Anakuja mtu na fedha taslimu, anainunua ingali mtini kwa bei ya kutupa, na wakati wa mavuno anakuja kuchuma. Sisi wa Kagera tunaiita butura, na wasomaji wa mjini wanaokunywa kahawa yetu pengine hawajawahi kulisikia neno hilo. Serikali imeipiga marufuku mara kadhaa. Na kabla ya serikali, Mtume (SAW) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kupevuka, akamkataza muuzaji na mnunuzi pia. "Baba anaijua hadithi hiyo," kijana akasema. "Anajua na mwisho wake. Kila mwaka anapigana hivyo hivyo."

Mwenzake akamjibu kwamba baba yake amechagua, angeweza kukataa.

Hapo nikaona udhaifu wa gemu zile za uhuru. Kijana anayemnyang'anya mnyonge kwenye simu, akijuta, anarudi pale alipohifadhi mchezo na jambo linakuwa halijatokea. Je, aliyefuta tendo lake alichagua, au alionja tu? Mmarekani Toby Fox aliliona hilo: katika gemu yake ya Undertale ya mwaka 2015, ukimuua mtu fulani mwanzoni kisha ukarudi nyuma na kumwacha hai, yupo mhusika anayekwambia kwamba anajua ulichofanya. Nimewasikia vijana wakiizungumzia toba kana kwamba ni kurudi pale ulipohifadhi. Sivyo. Toba inamsafisha mja kwa Mola wake, lakini haki ya mtu uliyemdhulumu inabaki shingoni mpaka uirudishe au akusamehe.

Kwa upande mwingine, sikukubali kwamba baba yule ni unyoya. Tazama kisa cha Nabii Yusuf (AS). Kinaanza na ndoto, na ndoto ndiyo mwisho wenyewe. Hata hivyo katikati yake Yusuf alisimama mbele ya mlango uliofungwa, akakataa, na baadaye akaona jela ni bora kuliko alichoitiwa. Mwisho kuandikwa hakukumpunguzia kitu katika kukataa kwake.

Lakini Yusuf hakuwa na mtoto wa kumlipia ada. Nilimwambia kijana kwamba dhiki inahesabiwa, na kwamba Allah (SW) hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Nikamwambia pia jambo ambalo sikuwa nimelisema darasani kabla: chuo kikuu nami nilisoma kwa kahawa iliyouzwa hivyo hivyo.

Akafikiri, kisha akauliza, "Na mnunuzi je, ustadhi? Yeye anacheza ipi?"

Mnunuzi ana fedha, na anaweza kusubiri mavuno. Anaweza kumkopesha jirani yake mkopo mwema, au asinunue kabisa. Njia zote ziko wazi mbele yake, kama yule wa gemu ya Kanada. Darasani wote walikuwa wamemhukumu baba, na mimi nikiwamo, wala hakuna aliyekuwa amemtaja mnunuzi.

Huyo aliyenunua kahawa ya baba yake namfahamu. Siku za Ijumaa tunaswali msikiti mmoja, mara nyingi safu moja. Ijumaa mbili zimepita tangu kipindi kile, tumepeana mikono zote mbili, na bado sijamwambia neno.