Mwalimu wa Viziwi Afunzwe na Nani?

Vijana wetu waendao Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kusomea elimu maalumu hurudi na cheti, nasi twamshukuru Mungu. Hata hivyo yafaa tujiulize: mtu asikiaye apata wapi haki ya kumfundisha mtoto asiyesikia? Je, cheti chatosha?

Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana mjini Milan, Italia. Wakaazimia kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kutamka na kutazama midomo, na lugha ya alama iachwe. Karibu wote waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Baada ya hapo, katika shule nyingi watoto walikatazwa kusema kwa mikono, na walimu viziwi wakakosa kazi. Azimio hilo lilikataliwa mwaka 2010 tu, katika mkutano wa Vancouver, Kanada. Ni miaka 130! Watu wale waliwatakia watoto heri, lakini waliamua mambo ya wenzao pasipo kuwasikiliza.

Na tujaribu wenyewe. Tusimame mbele ya kioo, tutamke bila sauti: baba, papa, mama. Midomo yafanana. Mtoto atajuaje lipi limetajwa?

Wako wasemao kwamba kiziwi ataishi kati ya wanaosikia, hivyo ajue lugha yao. Neno hilo lina uzito. Naam, asome na kuandika Kiswahili vizuri, na mwenye usikivu kidogo apewe kifaa cha kumsaidia. Lakini mtoto ahitaji kwanza lugha anayoweza kuipokea yote kwa macho, aulize nayo na kufikiri nayo. Juu ya msingi huo ndipo Kiswahili hujengwa.

Basi mwalimu mwanafunzi aketi kwanza miguuni pa viziwi. Vyuo viwe na wakufunzi viziwi, na mwanachuo akae nao hata mikono yake izoee. Andrew Foster, Mmarekani Mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule ya viziwi nchini Ghana mwaka 1957, kisha nyingine nyingi katika Afrika, mpaka alipofariki kwa ajali ya ndege huko Rwanda mwaka 1987. Baadhi ya viziwi aliowafundisha wakawa walimu.

Bwana wetu naye, katika Marko sura ya 7, alimtenga kiziwi na umati, akamgusa masikio na ulimi, akatazama mbinguni, ndipo akatamka neno. Alianza na yale ambayo mtu yule aliweza kuyaelewa.

Nasi katika mitaa yetu, kabla ya kusema kwamba kijana kiziwi hawezi kufundishwa Kipaimara, tuulize kwanza ni nani kati yetu aliyejifunza lugha yake.