Sitara ya Maiti na Mizani ya Biashara

Biashara ni kazi ya heshima. Mwuzaji hupata faida, mnunuzi hupata haja yake, wala hapana aliyedhulumiwa. Lakini iko bidhaa moja ambayo mwenyewe hawezi kutoa idhini wala kupokea bei. Nayo ni mauti yake.

Felice Beato, mzaliwa wa Venice, alipata riziki katika bidhaa hiyo. Baada ya kupiga picha za Vita vya Crimea mwaka 1855, alifika Lucknow, Bara Hindi, mwaka 1858. Katika Sikandar Bagh, walipouawa askari wa Kihindi wapatao 2,000 mwezi wa Novemba mwaka 1857, alipiga picha ya uwanja uliotapakaa mifupa ya watu. Mwingereza mmoja wa zama zile aliandika kwamba maiti wale walikuwa wamekwisha kusitiriwa, na kwamba mpiga picha alishikilia wafunuliwe kwanza. Ngome za Taku, Uchina, zilipotekwa mwezi wa Agosti mwaka 1860, tabibu wa jeshi alimwona akisihi maiti wa Kichina wasiguswe mpaka amalize kazi, kwa kuwa jinsi walivyolala ilimpendeza. Maiti wa washindi hawaonekani katika picha zile. Wanunuzi walikuwa maofisa waliotaka ukumbusho wa ushindi wao. Na mwaka 1861, huko London, Beato alimwuzia Henry Hering picha 400 za Bara Hindi na Uchina.

Mtetezi wake hakosi hoja. Vioo, dawa na safari vilitaka fedha, na magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha zenyewe. Ushahidi usiolipiwa nauli haufiki barazani. Bila ya mnunuzi, huenda mifupa ile ingalizikwa pamoja na habari yake.

Hoja hii ni kweli, lakini haitoshi. Kupokea ujira hakumfanyi shahidi kuwa mwongo. Kosa huingia pale haja ya mnunuzi inapoamua nini kifunuliwe na nini kifichwe. Shahidi hutazama kilichopo, kisha akakitolea habari. Mchuuzi hutazama kwanza uso wa mnunuzi.

Baadaye Beato alifanya biashara Yokohama, Japani. Moto wa mwaka 1866 uliunguza nyumba yake ya picha, na mali aliyoipata ilipotea katika biashara za kubahatisha, hata akaondoka mwaka 1884. Mtu asizione hasara hizo kuwa hukumu. Moto huunguza nyumba ya mwema na ya mwovu.

Hukumu iko kwingine. Sitara ni deni la aliye hai kwa aliyekufa. Kuivunja kwaweza kusameheka ikiwa kunaufanya ulimwengu uijue dhuluma iliyotendeka. Kuivunja ili mshindi apambe ukuta wake ni kumwua mtu mara ya pili. Picha za Lucknow zingaliko, na wanunuzi wake wa kwanza wamekwisha kufa. Atazamaye leo aweza kuzirudisha katika ushahidi, akiuliza waliolala pale walikuwa nani na waliuawa kwa nini. Asipouliza, naye ni mnunuzi tu, ijapokuwa hakutoa senti.