Moshi wa Njiani ni wa Nani?

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hili yafaa tulipime upya, sisi tukaao Itumba na Songwe yote, maana wageni wetu wa siku hizi ni magari makubwa ya mizigo.

Mwaka 1992 nchi za kusini mwa Afrika zilifanya umoja uitwao SADC, na mwaka 2008 zikaanzisha eneo la biashara huru, ili bidhaa zipite mipakani bila kulemewa na ushuru. Mwaka 2019 kikafunguliwa kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ambapo maofisa wa Tanzania na wa Zambia hukagua mzigo mahali pamoja. Nasi huku Ileje twaona njia ya Mpemba hadi Isongole imetiwa lami, na mizigo yapita kwenda Malawi. Faida hii ni ya kweli, wala haifai kuikana. Mkulima apata mnunuzi, na kijana apata kazi.

Lakini iko hesabu ya pili. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa hewa ukaa kadiri ya kilo 2.7. Mtu asistaajabu kwamba hewa hiyo yazidi mafuta kwa uzito, kwa kuwa kaboni iliyomo katika mafuta huungana na oksijeni. Hewa hiyo haionekani, wala haikai Tunduma. Huenea duniani kote na kuizidishia joto. Masizi nayo huanguka papo hapo mjini, yakaingia vifuani mwa wachuuzi na watoto walio kando ya foleni, ambako injini hunguruma na gari halisogei.

Basi twauliza: moshi huo ni wa nani? Kwa kanuni ya hesabu za mataifa, moshi wa magari ya barabarani huandikwa katika kitabu cha nchi iliyouza mafuta. Gari likijazwa mafuta kwetu, deni laandikwa kwetu, ijapokuwa shaba iliyochukuliwa yatoka Zambia au Kongo, nayo itafanywa nyaya katika miji ya mbali. Watu wa miji ile wapanda motokaa za umeme, wakifurahi kwamba hewa yao ni safi. Hatuwaonei kijicho. Twasema tu kwamba nyumba haijawa safi ikiwa takataka zake zimefagiliwa hata mlangoni pa jirani.

Mtu atasema, "Basi mipaka na ifungwe." Sivyo. Mpaka mzito huchoma mafuta bure, maana gari lingojalo siku nyingi halimfaidii mtu yeyote. Mwingine atasema, "Mpaka ukiwa mwepesi, moshi utapungua wenyewe." Hilo nalo ni nusu ya kweli. Njia nyepesi huita magari mengi zaidi, na akiba iliyopatikana kwa gari moja yaweza kupotea kwa wingi wa magari.

Kwa hiyo twaona kwamba nchi zilizoungana katika faida hazina budi kuungana katika deni pia. Njia ya kulipunguza tunayo karibu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita Tunduma katika safari yake ya kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Na gari moshi huvuta tani moja kwa mafuta machache kuliko lori. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi makubaliano ya kuifufua. Mwenye shaba na mwenye kuinunua na wakubali kuchukua sehemu ya gharama, wasimwachie mwenyeji peke yake.

Sisi nasi tunayo sehemu yetu. Dereva azime injini akingoja. Mwenye duka asihesabu fedha ya wageni tu, ahesabu na siku ambazo mtoto wake amekohoa. Wala tusiuite moshi kuwa dalili ya maendeleo. Wazee hawakusema mgeni aje mwenyeji augue, walisema apone. Umoja wa nchi zetu na upimwe kwa neno hilo.