Nia Njema Haitoshi

Mara nyingi twasikia mtu akisema: “Dhamiri yangu hainishtaki, basi sina kosa.” Neno hilo ni kweli nusu tu. Tuzitazame saa za viwandani, zitatufundisha.

Huko Bisie, katika Walikale, mgodi wa bati wenye mitambo ulianza kutoa mali mwaka 2019. Kwa mchimbaji wa mikono wa Rubaya, katika Masisi, jua laweza kutosha kuwa saa. Mitambo haitosheki hivyo. Katika kiwanda cha namna hiyo, vinu, pampu na jenereta huongozwa na kompyuta nyingi, na kila moja ina saa yake. Saa ikikosea sehemu 10 tu katika milioni, hupotea karibu sekunde 1 kwa siku.

Mitambo ikizimika ghafula, mafundi husoma daftari za kompyuta wajue ni kipi kilichotangulia. Saa zisipolingana, tokeo laonekana kuwa chanzo, na mtu wa pampu hulaumiwa kwa kosa la jenereta. Tarehe 14 Agosti 2003 watu wapata milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Wachunguzi walitaabika kupanga mambo yalivyofuatana, kwa kuwa vyombo vingi havikuwa na saa zilizolinganishwa.

Je, saa hizo zilisema uongo? Hapana, hazina nia mbaya. Hata hivyo zaweza kumhukumu asiye na kosa. Wala kupatana zenyewe kwa zenyewe hakutoshi, maana zaweza kupatana na kukosea pamoja. Yafaa zote zifuate kipimo kilicho nje yao, kama vile saa za satelaiti. Wala tofauti peke yake si kosa: saa ya Kivu hutangulia ile ya Kinshasa kwa saa 1, wala hatudanganyiki, kwani twaijua tofauti hiyo.

Dhamiri nayo ni vivyo hivyo. Katika nchi yetu iliyochoshwa na vita, kila upande husema, “Wao ndio walioanza,” na huanza kuhesabu tangu siku ulipoumizwa wenyewe. Wengi wasema hivyo kwa moyo mnyofu, na ukoo mzima hukubaliana nao. Lakini asiye na hatia aweza kufa kwa hesabu hiyo. Basi, kabla ya kumshtaki jirani, tuilinganishe dhamiri yetu na amri ya Mungu, kisha tumwulize jirani naye alianza kuhesabu siku gani.