Moyo wa Chura na Hukumu ya Mwanadamu

Ni ada ya watu wengi kukipima kila kitu kwa nafsi zao. Kinachofanana nao hukiita timamu, na kinachohitilafiana nao hukiita pungufu. Hukumu hii huonekana nyepesi itolewapo juu ya wanyama, lakini aliyeizoea huko hakawii kuihamishia kwa wanadamu wenziwe. Kwa hivyo yatupasa tuulize: je, tofauti peke yake ni kasoro? Na tutafute jawabu katika jambo ambalo kila mmoja wetu analo kifuani, nalo ni moyo na pumzi.

Moyo wa mwanadamu una vyumba vinne, viwili kuumeni na viwili kushotoni, na baina yao pana ukuta. Upande wa kulia huipeleka damu mapafuni ikapate oksijeni, na upande wa kushoto huipokea na kuieneza mwilini. Galen, tabibu wa Kiyunani ambaye Waarabu humwita Jalinus, alidhani kuwa ukuta huo una vitundu visivyoonekana ambavyo damu hupenya, na watu wakamfuata kwa zaidi ya miaka elfu. Ndipo Ibn al-Nafis, tabibu wa Sham aliyefanya kazi Misri na kufariki mwaka 1288, alipoandika kuwa ukuta ule ni mnene wala hauna tundu, na kwamba damu haina budi kupitia mapafuni.

Ukuta huo basi ni jambo kubwa kwetu. Mtoto akizaliwa na tundu kubwa ndani yake, damu iliyopata oksijeni huchanganyika na isiyopata, moyo na mapafu hulemewa, naye huhitaji tabibu. Sasa mtazame chura. Moyo wake una vyumba vitatu tu, na chumba cha chini ni kimoja kisicho na ukuta. Je, tuseme kuwa kila chura ni mgonjwa? Hasha! Chura hupumua kwa mapafu na kwa ngozi pia. Damu itokayo ngozini huingia upande wa kulia wa moyo ikiwa tayari ina oksijeni, na kwa kuwa hapana ukuta, yaweza kwenda mwilini bila ya kuzunguka mapafuni. Naye azamapo majini, ana haja gani ya kupeleka damu yote kwenye mapafu yasiyopata hewa mpya? Hali iliyo maradhi kwa mtoto ndiyo siha kwa chura.

Wala si chura peke yake. Samaki ana vyumba viwili, na damu yake hutoka moyoni ikaenda kwenye matamvua, kisha mwilini, kisha ikarejea. Mamba wa Mto Tana ana vyumba vinne kama sisi, lakini pana njia baina ya mishipa yake miwili mikubwa, naye aweza kuizuia sehemu ya damu isiende mapafuni. Pweza tumlaye kila siku ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo. Mwenye kupima ubora kwa wingi wa viungo, je, yu tayari kukiri kuwa pweza amemshinda? Na ndege, hewa hupita mapafuni mwake ikielekea upande mmoja, ikisukumwa na vifuko, ilhali yetu huingia na kutoka kwa mlango ule ule. Hapo mpungufu ni nani?

Huenda mtu akasema: "Kwa hoja hii umeifuta kasoro yote duniani." La. Kasoro ipo, nayo ni kukosa kile ambacho maisha yako yakihitaji. Samaki ambaye matamvua yake yamezibwa na tope ana kasoro katika usamaki wake. Tundu katika moyo wa mtoto ni kasoro kwa kuwa lamdhuru yeye, si kwa kuwa wengi wetu hatunalo. Basi asiyeijua kazi ya kitu hana haki ya kukihukumu.

Tena dharau humnyima mtu ilimu. William Harvey, Mwingereza aliyetangaza mzunguko wa damu mwaka 1628, aliichungua pia mioyo ya wanyama wadogo kama vyura na samaki, lakini hakuiona njia ambayo damu hutoka katika ateri ikaingia katika vena. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia aliiona kwa hadubini, katika mapafu ya chura. Hivyo siri ya vifua vyetu tulifunuliwa na mnyama tumwitaye duni.

Basi, ndugu msomaji, tukirudi kwa wanadamu tufanye insafu. Mvuvi asiyejua kuandika ausoma upepo ambao mwandishi hauoni. Mtoto mzito wa kuhifadhi huenda akawa mwepesi wa kutengeneza. Kabla ya kusema "huyu ana kasoro," tuulize: kazi yake ni ipi, na katika kazi hiyo amekosa nini? Ikiwa hatujui, kunyamaza ndiko uadilifu. Na ikiwa amekosa kweli, kama mtoto yule mwenye tundu moyoni, haki yake ni kutibiwa, wala si kudharauliwa.