Kisiwa Chumbani

Paa la makuti lina kazi inayojulikana na kila mtu wa pwani, nayo ni kumkinga mwenye nyumba na jua na mvua. Lakini yako makuti yasiyojua jua wala mvua. Yameezekwa ndani ya nyumba za Marekani, aghalabu katika miji iliyo mbali na bahari, chini ya dari imara, juu ya kaunta ya mbao isiyozidi urefu wa mtu aliyelala. Kando ya kaunta husimama sanamu ya mti, macho makubwa, mdomo umeachama, meno nje. Hiyo ndiyo tiki, na chumba chote huitwa kwa jina lake: baa ya tiki.

Anayejijengea chumba hicho si lazima awe tajiri wala mlevi. Mara nyingi ni mtu wa kawaida tu, anayetumia siku zake za mapumziko kushindana na mbao. Kwanza huziba madirisha, kwa kuwa baa ya tiki haitakiwi kujua kama nje ni mchana au usiku. Ukutani hubandika mikeka ya majani ya mkadi, jamaa wa mti uleule ambao kwa watu wa pwani sifa yake ni ua linalonukia. Hupigilia mianzi, na hapo hujifunza kwa hasara kwamba mwanzi mkavu haupigwi msumari kabla ya kutobolewa, la sivyo hupasuka toka pingili hata pingili. Darini hutundika wavu, maboya ya kioo ya wavuvi wa Kijapani, na bunju waliokaushwa wakiwa wamevimba, matumboni mwao mmetiwa taa. Mbao mpya huzibabua kwa moto na kuzisugua kwa brashi ili zionekane zimepigwa na chumvi ya miaka mingi. Makuti huyanyunyizia dawa ya kuzuia moto. Kisha huweka muziki wenye sauti za ndege wa msituni, kama ule wa Martin Denny wa mwaka 1957, ambamo ndege hao walikuwa ni vinywa vya wapigaji wenyewe. Kazi yote hiyo yaweza kumchukua miaka. Imo huba ndani yake, na anayeicheka tu hajaitazama vyema.

Swali linalozuka ni la kimaadili, wala si la mapambo. Je, mtu ana haki ya kujipambia nyumba kwa miungu ya watu asiowajua?

Tiki si neno la kubuni. Kwa Wamaori wa Nyuzilandi, Tiki ni mtu wa kwanza kuumbwa. Katika visiwa vya Marquesas ni sanamu za mawe na za miti za wahenga na miungu. Hawaii neno hilohilo hutamkwa ki‘i. Lakini baa ya tiki haikuzaliwa katika visiwa hivyo. Ilizaliwa Hollywood. Muda mfupi baada ya marufuku ya pombe kuondolewa Marekani mwezi Desemba 1933, kijana mmoja aliyezaliwa mwaka 1907 kwa jina la Ernest Raymond Beaumont Gantt alifungua kijumba cha kunywea, akakipamba kwa mianzi na vitu vilivyookotwa ufukweni. Jina la biashara yake, Don the Beachcomber, lilimganda hata akaligeuza kuwa lake kisheria, akaitwa Donn Beach. Mwenzake na mshindani wake, Victor Bergeron, aliyejulikana kama Trader Vic, alianza Oakland mwaka 1934. Huyu alikatwa mguu utotoni kwa sababu ya kifua kikuu, lakini alipenda kuwaambia wateja kwamba uliliwa na papa. Uongo wa aina hiyo haumdhuru mtu. Yumkini ndio uliokuwa msingi wa nyumba yote: ramu ilitoka Karibi, chakula kilikuwa cha Kikantoni, miungu ya Polinesia, na wahudumu wengi wa kaunta walikuwa Wafilipino. Mmoja wao, Ray Buhen, aliyekuwa miongoni mwa wahudumu wa mwanzo wa Donn Beach, alifungua baa yake ndogo mjini Los Angeles mwaka 1961, Tiki-Ti, ikarithiwa na mwanawe. Mtu wa visiwani kweli katika chumba hicho cha visiwa alikuwa yule aliyesimama nyuma ya kaunta, na kisiwa chake hakikuwamo ukutani.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, maelfu ya askari wa Marekani walirudi kwao na kumbukumbu za Pasifiki. Mwaka 1947 James Michener alitoa hadithi zake za bahari hiyo, na mwaka huohuo Thor Heyerdahl alivuka kwa chelezo kutoka Peru hadi Raroia kwa siku 101. Chelezo hicho alikiita Kon-Tiki. Hawaii ikafanywa jimbo la Marekani mwaka 1959. Ikawa kila mwenye chumba cha chini ya nyumba anataka kisiwa chake. Mjini Whittier, California, lilikuwapo tangu mwaka 1956 duka la Oceanic Arts, lililochonga na kuuza sanamu na mikeka kwa mabaa na kwa watu wa majumbani hadi lilipofungwa mwaka 2021. Mtindo ulififia miaka ya 1970, ukafufuka mwishoni mwa karne, na ungali hai.

Msomaji wa pwani anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini? Sanamu na pombe, vyote viwili havina kwao katika nyumba ya Muislamu. Na hao wenye tiki wako upande wa pili wa dunia.

Hawako mbali kama inavyodhaniwa. Lugha ya Kimalagasi, inayosemwa Bukini, ni ndugu wa mbali wa Kihawaii na Kimaori. Na ile ngalawa yenye mbao za ubavuni za kuizuia isipinduke, ambayo mvuvi wa Nungwi au wa Mafia huiona kuwa ya babu zake, wataalamu wengi wanaiona kuwa ni urithi wa mabaharia wa jamii hiyohiyo, waliovuka Bahari ya Hindi zama za kale. Zaidi ya hayo, watu wa visiwa wote wana msiba mmoja wa kuwaunganisha: huotwa na wengine. Katika miaka ya 1940, Broadway, New York, ilikuwapo klabu ya usiku iliyoitwa Zanzibar, ambamo bendi za Cab Calloway na Duke Ellington zilipiga. Hapana karafuu iliyopungua Unguja kwa jina hilo kuazimwa. Lakini jina lilifika, watu wake hawakufika.

Utetezi wa kwanza wa wenye baa za tiki ni wenye nguvu, nao haustahili kurukwa. Husema kwamba wenyewe waliitupa miungu hiyo. Ni kweli. Mwaka 1819, Hawaii, mfalme Liholiho, akiongozwa na Ka‘ahumanu, mjane wa baba yake, aliivunja sheria ya miiko iliyoitwa kapu; mahekalu yakabomolewa na sanamu nyingi zikachomwa moto. Wamisionari wa kwanza walifika mwaka 1820, wakakuta majivu. Mwaka 1821 watu wa Rurutu waliipeleka miungu yao kwa hiari Raiatea, kwa wamisionari, na mmoja wao, A‘a, yumo hadi leo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Basi kama mwenye mungu amemkana mungu wake, anayemweka pembeni ya chupa amemkosea nani?

Hoja hiyo ina kasoro moja. Kuacha kuabudu si kuacha kumiliki. Kanzu ya marehemu ikiacha kuvaliwa haiwi tambara la kufutia meza ya jirani. Aliyeichoma sanamu mwaka 1819 aliijua ilichokuwa. Kuichoma kwake kulikuwa ni neno zito alilolisema kwa baba zake, kwa hasira au kwa woga au kwa imani mpya. Anayeinunua leo ikiwa kikombe cha udongo chenye tundu la mrija hana neno analolisema kwa yeyote. Hakuipinga miungu hiyo wala hakuiamini. Ameikuta tu, na imempendeza.

Utetezi wa pili ni mgumu zaidi, hasa kwa watu wa pwani. Je, ustaarabu gani usioazima? Taarab ilikuja Unguja pale Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alipovutwa na muziki wa Misri na kumpeleka kijana Cairo akajifunze. Nakshi za milango ya Mji Mkongwe zina mkono wa Kihindi. Kanga, vazi la mama na bibi, kwa miaka mingi ilipigwa chapa ng’ambo. Mtu aliyelelewa na biriani hana haki ya kumlaumu mwingine kwa kuchanganya.

Kwa hiyo kosa si kuchanganya. Tofauti ni hii: aliyechonga mlango wa Kihindi Unguja alikuwa na jirani Mhindi. Walikopeshana, waligombana, walizikana, wengine walioana. Qanuni ya Misri ilifika pamoja na mwalimu wake, na baada ya miaka ikaimba maneno ya Kiswahili. Kilichoazimwa kilikuja na mtu, na mtu huyo aliweza kusema: hapana, hivyo siyo. Katika baa ya tiki hakuna wa kusema hapana. Ndiyo maana sanamu ya Kimarquesas inaweza kupewa ulimi wa Kimaori na kofia ya Rapa Nui, ingawa kutoka Rapa Nui hadi Nyuzilandi ni karibu kilomita 7,000, mbali kuliko kutoka Unguja hadi Istanbul. Mjenzi hakukusudia dharau. Hakuwapo wa kumwuliza.

Wapenzi wa mashairi wanalijua jambo hili kwa njia yao. Mshairi wa Kiswahili hutia jina lake katika kaditama, na anayemjibu humtaja, hata kama anakuja kumpinga. Mtarjumi naye huchukua uhuru mwingi: hubadili bahari, hupoteza vina, huongeza neno kwa ajili ya mizani. Hayo husamehewa. Lisilosameheka ni kulifuta jina la mwenye shairi. Baa ya tiki ni tarjuma nzuri kwa sehemu, ya kuchekesha kwa sehemu, iliyofutwa kaditama yake.

Na kufuta huko hakuishii kwenye mapambo. Mtu aingiaye katika chumba kama hicho ataona miungu, mitumbwi, nyavu, makombe na mashua zilizovunjika. Hatamwona mtu anayevua, wala mama anayesuka ukili, wala mtoto aliyetumwa dukani. Ni kisiwa kilichohamwa. Mwezi Februari 1946, wakati ndoto hiyo ikianza kushamiri, watu 167 wa Bikini, katika Visiwa vya Marshall, waliambiwa waondoke kwao kwa manufaa ya wanadamu wote. Bikini si Polinesia, lakini baa ya tiki haijawahi kujali tofauti hiyo. Mabomu 23 ya nyuklia yalilipuliwa huko hadi mwaka 1958. Lile la tarehe 1 Machi 1954 liliwamwagia majivu watu wa kisiwa cha Rongelap. Baadhi ya watu wa Bikini walirejeshwa miaka ya 1970, wakaondolewa tena mwaka 1978 kwa sababu ya mionzi iliyoingia miilini mwao. Huko Polinesia yenyewe, Ufaransa ilifanya majaribio 193 katika Moruroa na Fangataufa kati ya mwaka 1966 na 1996.

Ni dhuluma kumtwisha seremala wa nyumbani mzigo wa mabomu hayo. Hakuyatega. Huenda hata aliyapinga. Lakini jicho lililozoea kuona kisiwa kama mahali pa kupumzikia tu, pasipo na mwenye mahali, halishtuki sana linapoambiwa kuwa watu wake wamehamishwa. Kwani lini waliwahi kuwapo? Watu wa pwani yetu wanalifahamu jicho hilo. Wameliona katika picha za matangazo ya utalii: mchanga mweupe, mnazi mmoja umeinama, ngalawa imeegeshwa, na mwenye ngalawa ameombwa asogee kando.

Je, basi chumba kibomolewe? Wako Wapolinesia wasemao ndiyo, na wana haki. Wako pia wanaoishi kwa kuchonga: miongoni mwa wachongaji wa tiki waliopo Hawaii wamo Watonga waliohamia huko, na patasi zao zinasomesha watoto. Anayenunua kwa mchongaji wa namna hiyo, akamwuliza sanamu hii ni ya nani na inakaaje, huenda akajibiwa kwamba ni ya kuuzia wageni na haina maana yoyote, akacheka pamoja naye. Huenda pia akaambiwa kwamba ile nyingine, iliyo pembeni, haiuzwi. Atakuwa amebisha hodi. Kama chumba chake kitabaki vilevile baada ya hapo, au ataiondoa sanamu moja na kuacha tundu ukutani, hilo ni lake yeye.

Kati ya sanamu kubwa za mungu Kū zilizosalimika na moto wa mwaka 1819, zimebaki tatu tu duniani. Moja ipo Honolulu, katika jumba la makumbusho la Bishop. Ya pili ipo London, ya tatu Salem, Massachusetts. Mwaka 2010 zilikutanishwa zote tatu Honolulu, na wajukuu wa wale waliozichoma nyenzake wakaja kuzitazama, wengi wao Wakristo tangu vizazi. Onyesho lilipokwisha, mbili zilifungwa tena masandukuni, zikapandishwa ndege.