Ukweli Wanaotudai Vijana wa Kidato cha Tatu

Katika shule za sekondari za Nachingwea na Ruangwa, kama ilivyo katika shule nyingine za nchi hii, kidato cha tatu ni mwaka usio na mtihani wa taifa. Upimaji wa kidato cha pili umekwisha kupita, na mtihani wa kidato cha nne bado uko mbali. Wanafunzi huufurahia mwaka huo kama msafiri akifurahiavyo kivuli cha mwembe njiani. Na walimu nao, maadamu hakuna matokeo watakayoulizwa na wakubwa wao, huelekeza nguvu kwa madarasa yale yanayotazamwa. Kisha kijana akifika mwaka wa mwisho hufanyiwa mahafali, aghalabu mwezi wa Septemba au Oktoba. Hualikwa mgeni rasmi, husomwa risala, na mgeni husimama akawaasa wahitimu juu ya maisha yanayowangoja. Maneno yake mara nyingi ni mazuri. Ila yanasemwa majuma machache tu kabla ya mtihani wa Novemba, wakati ambapo kijana hana tena nafasi ya kubadili hata somo moja, wala muda wa kutafuta hata karatasi moja atakayodaiwa mwakani.

Sisi twaona kwamba nasaha hizo zina mwaka wake, nao ni huo wa tatu. Lakini kabla ya kuuliza zitolewe lini, yatupasa tuulize jambo lililo gumu zaidi, yaani zisemeje. Je, ni haki kumtia kijana moyo kwa ahadi ambayo twajua kwamba haitawafikia wengi wa wenzake?

Ahadi yenyewe kila mtu aijua: soma kwa bidii, mwanangu, nawe utapata kazi nzuri. Mama huisema alfajiri anapomwamsha mtoto aende shule iliyo mbali. Mwalimu huisema darasa linaposinzia. Si uongo mtupu. Ruangwa imemtoa Kassim Majaliwa, mwalimu kwa kazi yake, ambaye alikuwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano tangu mwaka 2015 hadi 2025, na hapana mwalimu wa wilaya hiyo asiyewakumbusha wanafunzi wake habari hiyo. Anafanya vema. Hata hivyo, mfano wa mtu mmoja hauelezi habari za waliokaa naye dawati moja, na hao ndio wengi.

Mwalimu Nyerere alilitazama jambo hili waziwazi mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wakati ule watoto wapatao 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio walioweza kupata nafasi ya sekondari, naye akasema kwamba elimu inayowatengeneza wale 13 na kuwafanya wale 87 wajione kuwa wameshindwa ni elimu yenye kasoro. Tangu hapo mlango umepanuliwa sana. Ada ya sekondari iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa katika kidato cha tano na cha sita. Lakini mlango mwembamba umesogezwa mbele tu, na msongamano umeufuata huko huko. Anayeshindwa sasa hashindwi akiwa mtoto wa miaka 14; hushindwa akiwa kijana wa miaka 18 au 20, mwenye ndevu, ambaye jamaa zake walimngoja.

Wapo wanaosema kwamba ukweli wote haufai kuambiwa kijana. Ukimwambia kwamba nafasi ni chache, wanasema, utamvunja moyo naye ataacha kusoma. Mwache atumaini, maana tumaini ndilo linalomfanya afungue daftari. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Iko na nyingine iliyo nzito kuliko hiyo. Wakoloni nao walikuwa na ukweli wao: walisema mtoto wa Kiafrika afundishwe yanayolingana na maisha ya kijijini kwake, asije akatamani yasiyomfaa. Kwa maneno ya upole kama hayo watoto wengi walizuiwa njia. Basi mtu anaposimama leo mbele ya watoto wa wakulima wa Nachingwea akawaambia kwamba si wote watakaofika Chuo Kikuu, yafaa kwanza tumtazame yeye mwenyewe. Je, na watoto wake amewaambia hivyo hivyo?

Nachingwea ina ushahidi wake juu ya ahadi kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ikafyekwa kwa matrekta, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikavutwa hadi Nachingwea. Januari 1951 mpango ule ukaachwa, ukiwa umekwisha kumeza pauni zipatazo milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Waliopanga hawakuujua vya kutosha udongo wala mvua ya mahali walipokwenda kulima. Palipobaki jina la Farm 17, wapigania uhuru wa FRELIMO walipata kambi yao ya mafunzo, hata Msumbiji ikawa huru mwezi wa Juni 1975. Twaikumbusha habari hii kwa sababu moja. Miongoni mwa vibarua wa mpango ule walikuwamo waliojifunza kuendesha trekta na kutengeneza injini; reli ilipofungwa, ujuzi wao haukufungwa. Waliokuwa wakingoja tu mpango uwatajirishe walirudi makwao mikono mitupu. Wote waliambiwa ahadi ile ile.

Sasa tutazame upande mwingine. Wazee wetu, Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde, walikuwa na shule yao ya kumwandaa kijana kwa maisha, nayo ni jando na unyago. Kumbini hapakuwa na ahadi ya utajiri. Nyakanga hakumwambia mwari kwamba akivumilia atakuwa mkubwa wa watu; alimwambia kwa nyimbo na mafumbo kwamba kuna njaa, kuna maradhi, kuna wakwe, kuna kifo, na kwamba kila kimoja kina adabu yake. Mwari alitoka kumbini akijua mambo mazito, na bado alitoka akicheza. Hili ndilo ambalo wale wanaouogopa ukweli hawajalijibu: mbona kijana wa kumbini hakuvunjika moyo? Sisi twadhani ni kwa kuwa ukweli ule haukuletwa peke yake. Uliletwa na mtu aliyekuwa tayari kukaa naye usiku na mchana mpaka aujue, nao ulikuja na njia ya kuuhimili.

Hatusemi turudi kumbini. Unyago una makosa yake, na walio wazi wanayajua: wasichana wengi walitolewa ngomani wakaonekana tayari kwa mume wakiwa wangali watoto, na masomo yao yakaishia hapo. Tena kuna tofauti moja isiyoweza kufichwa. Nyakanga aliijua njia aliyoifundisha kwa kuwa alikuwa ameipita mwenyewe, na baba yake kabla yake. Mwalimu wa leo humwandaa kijana kwa kazi ambazo yeye hajapata kuzifanya, na nyingine hajapata kuziona. Katika ardhi ya Ruangwa mna kinywe, madini yatumikayo kutengenezea betri. Mwalimu wa jiografia aweza kuonyesha mahali pake katika ramani, lakini ni vigumu aeleze fundi wa umeme wa mgodini hupimwaje anapoomba kazi.

Kwa hiyo mwalimu hawezi kuahidi mwisho wa safari. Anachoweza, na kwa maoni yetu anachodaiwa, ni kuieleza njia: inapogawanyika, kila mlango unadai nini, na nani amepita wapi. Hapa ndipo tunapoiona dhuluma yenyewe. Uchache wa nafasi ni shida ya taifa zima, na shida ya wote huvumilika. Lakini ujinga wa njia haukugawiwa sawasawa. Mtoto wa mjini ana mjomba aliye ofisini. Mjomba humwambia mapema kwamba kozi ile inataka hesabu, kwamba chuo fulani hakijasajiliwa, kwamba maombi yanafungwa tarehe fulani. Mtoto wa kijiji cha ndani huko Ruangwa hana mjomba huyo. Mwalimu wake asipokuwa mjomba wake, basi hana mtu.

Na tuchukue jambo dogo, maana dhuluma hupenda kukaa katika mambo madogo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, humtaka mwombaji aonyeshe cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa serikali, na aliyefiwa na mzazi aonyeshe cheti cha kifo. Sasa katika vijiji vyetu mtoto aliyezaliwa nyumbani huenda hana cheti. Au anacho, lakini kinamwita kwa jina la babu, ilhali shuleni aliandikishwa kwa jina la baba, na huko kumbini akapewa jina la tatu ambalo ndilo aitwalo na kila mtu. (Sisi tunaotunga mashairi hupenda wingi wa majina, karani haupendi.) Baba yake alifariki, akazikwa kwa heshima zote, pasiwe na mtu aliyekumbuka kwenda wilayani kuandikisha kifo. Kijana huyu akifaulu vizuri kabisa kidato cha sita, yatima asiye na kitu, aweza kushindwa kuthibitisha kwamba ni yatima. Makosa hayo husahihishwa, lakini husahihishwa kwa miezi, si kwa siku tatu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana miezi hiyo. Aliyekwisha kumaliza hana.

Yako pia masomo yenyewe. Mwaka huu wa tatu ndio kijana anapojielekeza katika sayansi, biashara au sanaa, na wengi hufuata rafiki, au humkimbia mwalimu mkali wa fizikia. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, iliyozinduliwa Februari 2025, imefungua pia mkondo wa amali katika sekondari. Ni jambo jema, lakini tunalitazama kwa hofu kidogo. Shamba la shule, lililokusudiwa kuwa moyo wa elimu ya kujitegemea, katika shule nyingi liligeuka kuwa mahali pa adhabu: aliyechelewa, jembe, aliyepiga kelele, jembe. Mtoto akajifunza kwamba kulima ni malipo ya kosa. Amali nayo ikigeuzwa jalala la walioshindwa hesabu, tutakuwa tumefanya yale yale kwa jina jipya.

Na hesabu yenyewe ipo nje ya dirisha la darasa. Korosho na ufuta wa wilaya hizi huuzwa mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganishwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mkulima hulipwa bei ya mnada baada ya makato. Ni wazazi wangapi wawezao kuikagua hesabu ile? Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa asilimia sawasawa aweza. Akiikagua ya baba yake jioni moja, akamweleza kila kato limetoka wapi, hapo amefaulu jambo ambalo Baraza la Mitihani halina namba yake. Watu wetu huuliza, "Amefaulu?" Ni nadra kuwasikia wakiuliza, "Anafaa?"

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, kisha ndipo waingie Chuo Kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na ulikuwa na taabu zake, hasa kwa wasichana na kwa masomo ya sayansi, ambayo husahaulika upesi. Lakini ulikuwa na wazo moja ambalo twalitamani hadi leo, yaani kwamba mtu aweza kukaa nje ya darasa mwaka mmoja au miwili pasipo kuhesabiwa kuwa ameanguka.

Maana aibu hiyo ya kuhesabiwa ameanguka inaziumiza nyumba zetu. Kijana akiona haya kusema kwamba hakuchaguliwa, mzazi hutafuta chuo chochote kitakachompokea. Akikosa fedha huuza korosho zikiwa bado mtini kwa njia ya kangomba, kwa bei ya kutupa, ili alipe ada ya kozi ambayo hakuna aliyeuliza kama inatambuliwa. Msimu ukifika, mikorosho huzaa kwa ajili ya mtu mwingine. Na mara nyingi palikuwapo njia nyingine iliyo karibu na nyepesi: chuo cha ualimu kiko Nachingwea penyewe, na vyuo vya ufundi stadi vimesogezwa wilayani. Haikutajwa kwa kuwa hakuna aliyeitaja mapema, au kwa kuwa ilitajwa kwa sauti ya kumpa pole mfiwa.

Mwezi Januari shule zinapofunguliwa, minada ya korosho huwa inamalizika, na wazazi wengi huwa na nauli mfukoni na nafasi ya kusikiliza. Majuma hayo yangetosha kwa mkutano mmoja wa wazazi wa kidato cha tatu, pasipo mgeni rasmi wala risala. Mezani ziwekwe daftari la majina ya wanafunzi na vyeti vyao vya kuzaliwa, kila jina lisomwe, na kila mzazi aseme kama ndilo.